Bahati ni "he" au "she"?

Haya wenzangu, leo naomba tuongee Kiingereza. Msikimbie! Sina shida na lafudhi ya mtu, na wala siuchokozi ule mjadala wetu usiokwisha wa lugha gani ifundishie sekondari. Mjadala huo nimezaliwa nimeukuta na nadhani nitauacha. Nataka tuangalie vitu viwili vidogo tu ndani ya sentensi: kitenzi na kiwakilishi. Yaani nani kafanya nini, na huyo "yeye" ni yupi. Kwa sisi tunaoishi kwa kuandika habari, hapo ndipo ugali ulipo, na kesi nazo ziko hapo hapo.

Mimi habari zangu naandika kwa Kiswahili. Jioni baadhi yake zinachukuliwa na wenzetu wa deski la Kiingereza, wanazigeuza, zinatoka kesho yake kwenye gazeti la pili. Wakati huo mimi nakuwa nimeshajichomeka kwenye daladala, nimesimama mguu mmoja, Gongo la Mboto imeshapita, naanza kuukwea mlima wa Pugu. Basi siku moja saa tatu usiku simu ikaita. "Kaka samahani, hivi huyu Bahati wako ni he au she?"

Jina nimelibadilisha, lakini lake la kweli ni la kundi hilo hilo. Unayajua majina yetu: Bahati, Riziki, Zawadi, Furaha, Shida. Anaweza kuwa mjomba wako, anaweza kuwa shangazi yako. Taarifa ya polisi ilisema mtu mmoja aliyefahamika kwa jina la Bahati, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, amejeruhiwa kwa kisu katika ugomvi uliotokea kwenye kilabu cha pombe. Mimi nilikuwa nimekwenda hospitali na kumwona. Ni mama wa watu, alikuwa anauza vitafunio nje ya kilabu. Nikamwambia jamaa, "Ni she." Kimya kidogo. "Aisee, nimeshaweka he mahali kote. Nilivyoona kilabu na visu nikajua tu ni mwanaume."

Sasa tusimcheke. Angalia alichofanyiwa na lugha. Habari yangu ya Kiswahili ilikuwa na aya saba, na ndani yake yule mama anatembea kwa "a-" na "-m-" tu: alikuwa, akachomwa, walimkimbiza, anaendelea vizuri. Haina pengo hata moja. Kiswahili hakijauliza jinsia yake kwa sababu sarufi yetu haiulizi. Ngeli ya watu ni ya watu, basi, mwanaume na mwanamke tunapanda gari moja. Kiingereza kikifika hapo kinasimama mlangoni kama kondakta anayedai nauli. Hakikuruhusu upite mpaka utoe he au she. Na kama huna jibu, mkono unajiandikia wenyewe, kwa kufuata mazoea. Mlevi ni he. Muuguzi ni she. Dereva ni he. Aliyetelekeza mtoto, she. Hakuna aliyekaa akaamua kudanganya, lakini asubuhi gazeti limeshasema jambo ambalo polisi hawakulisema, mimi sikulisema, na Bahati mwenyewe atashangaa akilisikia.

(Najua kuna watakaosema siku hizi Waingereza wanatumia they kwa mtu mmoja. Ni kweli, na si jambo jipya kwao, wamelitumia karne nyingi. Ila jaribu kuliweka kwenye habari yenye majeruhi mmoja na washambuliaji wanne, halafu uniambie nani kakimbizwa hospitali.)

Kabla hamjaanza kukitukana Kiingereza, ngoja nigeuze shilingi. Kuna mahali Kiswahili ndicho chenye macho na Kiingereza ndicho kipofu. Chukua ajali, maana Barabara ya Nyerere na barabara yetu hii ya kwenda Kisarawe haziishiwi. Naandika: "Lori liligonga nguzo ya umeme, ikaanguka na kuziba njia." Kuna msomaji hata mmoja atakayeuliza nini kilianguka? Lori ni "li-", nguzo ni "i-". Ningetaka lori ndilo lianguke, ningeandika "likaanguka", nimemaliza. Herufi moja au mbili zinatosha. Sasa igeuze: "A lorry hit an electricity pole and it fell, blocking the road." It ipi? Kwa mwenye lori na kwa TANESCO hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na bili zake ni tofauti.

Dawa yake ni rahisi, ila tulifundishwa kuiogopa. Shuleni tuliambiwa kurudia nomino ni dalili ya umaskini wa msamiati, tumia kiwakilishi. Matokeo yake mtu anaona aibu kuandika "the pole" mara mbili kwenye sentensi moja, anaweka it, na msomaji anabaki na lori liko hewani. Jamani, rudieni neno! Andika "and the pole fell". Hakuna atakayekupunguzia maksi, tumeshamaliza mitihani.

Na kuna mahali lugha zote mbili zinakwama. "Mwenyekiti alimwambia katibu kuwa amefukuzwa." Nani kafukuzwa? Ukipeleka hiyo Kiingereza, "The chairman told the secretary that he had been expelled", unakuwa umehamisha tatizo kutoka chumba kimoja kwenda kingine na fanicha zake zote. Hapo hakuna sarufi itakayokusaidia. Unapiga simu kwa katibu.

Nimeishi Pugu muda wa kutosha kujua kwamba huwezi kuongelea lugha hapa bila mtu kukukumbusha kuwa Mwalimu alifundisha hapa. Ni kweli. Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akafundisha pale St. Francis, ambayo sasa ni Pugu Sekondari, mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955 akashika siasa moja kwa moja. Baadaye, akiwa Rais, akamtafsiri Shakespeare. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969. Kila nikipita karibu na shule ile nakumbuka kisa cha Portia ndani ya tamthilia hiyo. Portia ni mwanamke, anajivika nguo za kiume, anaingia mahakamani kama mwanasheria, anamwokoa rafiki wa mumewe, na mumewe mwenyewe hamtambui. Anamwomba pete, anapewa. Baadaye nyumbani anambana mume: pete umempa nani?

Kwa Kiingereza mume lazima aseme him, na watazamaji wanaangua kicheko kwa sababu wanajua ni her. Kwa Kiswahili mume anaweza kusema "nilimpa", akawa amesema kweli tupu bila yeye mwenyewe kujua. Ile "-m-" inamfunika Portia vizuri kuliko joho. Sijui kama Mwalimu alicheka alipokuwa anaandika hapo. Mimi nilicheka.

Mahakama za kweli sasa, hazichekeshi. Wengi tuliowahi kuripoti mahakamani tunakumbuka ilivyokuwa kabla ya mwaka 2021. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa Kiswahili tangu zamani, hiyo haina neno. Ukipanda juu yake ndipo maajabu yalipoanza. Shahidi anaeleza kwa Kiswahili. Wakili anauliza kwa Kiswahili, hakimu anasikia kwa Kiswahili, mshtakiwa anatikisa kichwa kwa Kiswahili. Kalamu ya hakimu inaandika Kiingereza. Kwa mkono, palepale, huku shahidi hajamaliza kupumua.

Fikiria shahidi kasema: "Akamvuta, akampiga, akaanguka." Maneno matatu. Msikilizaji aliyekaa pale aliona kidole cha shahidi kikielekea kwa nani, akaelewa. Lakini kuyaandika kwa Kiingereza inabidi uamue: he au she, him au her, mara tano hivi, na uamue aliyeanguka ni aliyepiga au aliyepigwa. Kama ni wanaume wawili unapata "He pulled him, hit him and he fell", ambayo haimwambii mtu chochote. Kama ni mwanaume na mwanamke, karatasi itasema waziwazi nani kaanguka, na itasema hivyo kwa sababu hakimu kaamua, si kwa sababu shahidi katamka. Siku rufaa ikikatwa, majaji wa juu hawakukiona kile kidole. Wanasoma karatasi.

Kisha kitenzi chenyewe. Kupiga! Sisi tunapiga kila kitu: pasi, deki, mswaki, picha, simu, kura, hodi, magoti, chafya. Kila kimoja hapo Kiingereza kina kitenzi chake. Na hata tukibaki kwenye kipigo cha kweli, "akampiga" inaweza kuwa kofi moja, ngumi, fimbo ishirini au risasi. Ukiandika hit umesema pengine mara moja. Ukiandika beat umesema alimpiga na kumpiga. Shahidi alisema lipi? Alisema "akampiga". Swali linalofuata, kwa nini, mara ngapi, ndilo lilitakiwa kuulizwa kabla kalamu haijagusa karatasi.

Mwaka 2021 Bunge likabadilisha sheria na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, huku mlango ukiachwa wazi kwa Kiingereza pale haki inapohitaji. Mwezi Februari mwaka huo, siku ya sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, katika shauri lililohusu mgodi wa North Mara, na akampandisha kwenda Mahakama ya Rufani. Wengine walisema ni siasa. Mimi nilishangilia, na sababu yangu haikuwa uzalendo. Niliwaza watu wote waliowahi kufungwa au kuachiwa kwa kutegemea him iliyoandikwa haraka. Hata hivyo tusijidanganye, Kiingereza hakijahama. Ukifungua hukumu za mahakama za juu leo utakuta nyingi bado ni za lugha hiyo. Mikataba, barua za ajira, fomu za benki, makaratasi ya bima, vyote viko pale pale vinakusubiri.

Kwenye vitenzi huwa tunapenda kuchekana. "Borrow me your pen." Wote tumeisikia darasani, na sababu yake ni ya heshima kabisa: kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili, nimeazima kalamu, naomba uniazime kalamu. "I am hearing hunger", kwa sababu njaa tunaisikia. Kuna aliyeambiwa mgonjwa ameshinda salama akatafuta mgonjwa kashinda nini. Haya ni ya kufurahisha na hayamuumizi mtu. Tena Waingereza nao wana yao. Mtu akisema "I rented the house", ni mwenye nyumba au mpangaji? Sisi tuna kupanga na kupangisha, tunalala usingizi.

Yanayoumiza ni mengine, na mara nyingi Kiingereza chake kinakuwa kisafi, hakuna kosa la kuchekea. Mfano, "amefikishwa mahakamani kwa wizi". Wenzetu wakiandika "he appeared in court for stealing", sarufi iko sawa, lakini yule mtu wameshamfunga. Sahihi ni charged with. Kati ya kukamatwa, kushikiliwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani kuna safari ya miaka mingine, na kila kituo kina kitenzi chake katika lugha zote mbili. Anayeruka kituo anamfikisha mtu gerezani kwa wino.

Lakini kitenzi ninachokiogopa kuliko vyote ni kudai. "Anadai kuwa aliibiwa": anasema hivyo, sisi hatujathibitisha. "Wanadai haki zao": wanataka wapewe, tena kwa sauti. "Namdai elfu kumi": ana deni langu. Kitenzi ni kimoja, na Kiingereza kina claim, demand, na kwa deni kinageuza sentensi kichwa chini: yeye ndiye anayekuwa mtenda, he owes me. Sasa soma sentensi hii ambayo naiona magazetini karibu kila mwezi: "Wafanyakazi wanadai mishahara ya miezi mitatu." Wanasema hawajalipwa? Wamekuja juu wakitaka walipwe? Au hawajalipwa, na hilo halina ubishi? Kwa Kiswahili yote matatu yanakaa pamoja kwa amani. Kwa Kiingereza lazima uchague upande.

Nina jirani yangu hapa Kajiungeni, mzee wa makamo, mlinzi wa usiku kwenye maghala ya huko njiani kuelekea mjini. Kampuni yake siitaji. Jumapili moja kabisha hodi ameshika karatasi imekunjwa mara nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unayeandika magazetini? Hebu nisomee hii, uniambie imekosea wapi."

Ilikuwa nakala ya barua waliyokwisha kuipeleka, yeye na walinzi wenzake kumi. Meneja mpya ni mgeni, Kiswahili hajui, kwa hiyo waliandika kwa Kiswahili halafu mpwa wake mzee, kijana aliyemaliza kidato cha sita, akaigeuza. Nikaisoma nikitafuta makosa. Tahajia safi. Nyakati safi. Ilianza: "We are demanding our salaries for three months." Chini kidogo: "We have children in school. The bosses told us to be patient but they are hungry."

Nani ana njaa, mabosi? Lakini hilo la njaa halikuwaletea matata. Lililowaletea matata ni neno la tatu. Siku ya pili waliitwa ofisini mmoja mmoja na kuulizwa nani kiongozi wa mgomo. Mgomo! Wazee wa watu walikuwa zamu kila usiku, hakuna aliyekosa hata siku moja. Mzee alikuwa anatetemeka akinisimulia. "Sisi tumesema tunadai, mwanangu. Kwani hatudai?"

Mnadai mzee, nikamwambia, ila hapa mmeandika kama mmesimama getini na mabango. Nikamweleza tofauti ya demand na owe kwa kadiri nilivyoweza. Akaelewa upesi kuliko wanafunzi wengi wa chuo. "Kwa hiyo la kwanza linanihusu mimi nilivyokasirika, la pili linamhusu yeye alichokalia."

Kijana akaitwa, tukakaa barazani watatu. Nikapendekeza, "You have not paid us for July, August and September." Fupi, haina pa kujificha. Mzee akauliza hiyo you maana yake nini. Wewe, nikasema, au nyinyi. Akakataa katakata. "Huwezi kumwandikia mkubwa wako 'wewe hujatulipa'. Hata kama ni kweli." Nikamweleza kuwa kwa Waingereza neno hilo ni la mfalme na la mtoto, halina utovu wa adabu. Akanitazama kama naye ananionea huruma. Mpwa wake akasema, "Mjomba, basi tuandike kampuni." Tukaandika "The company owes us our salaries for July, August and September", yakafuata majina kumi na moja, na kiasi cha kila mtu kwa kila mwezi. Yale ya watoto tukayaandika "our children are hungry", neno children likarudiwa mara mbili kwenye mistari miwili, na kijana hakufurahi.

Nafikiri mzee alikuwa sahihi kuliko mimi, kwa sababu ambayo hakuisema. You ya barua ile ingeangukia kichwani kwa meneja mpya, aliyekuta deni likiwa limeshazaliwa. Kampuni haina uso wa kuvimba.

Julai na Agosti walilipwa kabla mwezi haujaisha. Septemba wakaambiwa iko njiani, na wiki zikapita. Juzi mpwa kaleta rasimu ya barua ya pili, kaiandika peke yake. Mstari wa kwanza deni, limekaa vizuri, tarehe na kiasi vipo. Mstari wa pili karudisha demand. Nikainua kalamu nimuulize. Mzee akanishika mkono.

"Safari hii liache," akasema.